UZI: Haki ya mwanamke Nairobi iko kwenye ufunguo wa choo cha soko

Karani wa Chama (mwenye uzi)

Wadau, hamjambo. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Nauza nguo za watoto za mtumba katika soko moja la kaunti huku Eastlands, sasa ni mwaka wa kumi na moja. Mimi ndiye ninayeandika daftari la chama chetu pia, na mtu akizoea daftari hushikwa na ugonjwa mmoja: akiahidiwa kitu anauliza, "imeandikwa wapi?"

Kila tarehe 8 Machi tunapewa tisheti, tunapakiwa basi hadi ukumbini, na mheshimiwa anatuambia wanawake ni jeshi kubwa. Tunapiga vigelegele. Saa kumi na moja na nusu tunarudi sokoni tunakuta choo kimefungwa.

Choo chenyewe kina milango sita. Minne ya wanaume, miwili ya wanawake. Kati ya miwili yetu, mmoja umegeuzwa stoo ya mafagio na madramu. Uliobaki hauna komeo, kwa hivyo mwenzako anasimama nje, ama unanyoosha mguu ushikilie mlango huku umechuchumaa. Nimefanya hivyo hata nikiwa na mimba ya miezi minane. Kuingia ni shilingi 10. Mwanamume akibanwa na haja ndogo kuna ukuta nyuma ya mabanda, bure, hakuna anayemuuliza. Mimi nikienda mara nne kwa siku, siku sita, ni shilingi 240 kwa wiki, na zile siku za mwezi hesabu ni nyingine kabisa.

Jamaa wa ufunguo anafunga saa kumi na moja jioni. Wateja wetu ni watu wanaotoka kazini. Wanaanza kufika saa kumi na mbili na tunauza hadi saa mbili usiku. Mimi ikifika saa nane mchana naacha kunywa maji. Wengi wetu tuko hivyo. Nenda zahanati yoyote karibu na soko uulize wanawake wa mabandani wanatibiwa nini.

Na hatuombi hisani. Kanjo wa tikiti, yule wa kaunti anayetoza ushuru, hupita kila asubuhi, na hajawahi kukosa kuniona.

Sasa, kilichonifanya niandike. Mwezi Mei niliitwa kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti. Nikafunga banda nusu siku, hasara yangu. Tulikuta vitabu vya bajeti vitatu mezani, watu zaidi ya mia, vyote kwa Kiingereza cha wahasibu. Nilipopata maikrofoni nikasema habari ya choo. Afisa mmoja, mtu mpole tu, akanijibu: "Mama, hilo lilitakiwa liingie kwenye ADP." Akapokea swali linalofuata.

Nilikaa chini bila kujua ADP ni mnyama gani. Ilinichukua wiki tatu kuuliza. Nimeileta hapa ili mwingine asizunguke kama mimi.

ADP ni mpango wa maendeleo wa mwaka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iufikishe kwenye bunge lake kabla ya tarehe 1 Septemba, kwa ajili ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai ya *mwaka ujao*. Yaani karibu miezi kumi mapema. Kisha ifikapo 28 Februari unakuja waraka wa mwelekeo wa fedha, ule unaopanga kila idara ipate kiasi gani. Ikifika 30 Aprili makadirio yako bungeni. Mwezi Mei ndipo sisi tunaitwa na kupewa soda. Chungu kimeshaiva, unaulizwa kama ungependa kitunguu.

Kwa hivyo tuko Agosti, na huu ndio wakati. Nani mwingine ana kitu cha kupeleka?

---

Jogoo la Umoja

Dada, pole kwa choo, lakini mada umeipotosha. Hiyo si haki za wanawake, ni uzembe wa kaunti. Wanawake mna Women Rep, mbunge wenu wa kike, mna mfuko wa biashara, mna asilimia 30 ya tenda. Kijana wa kiume Nairobi hii ana nini? Ana mkokoteni na kanjo nyuma yake.

---

Karani wa Chama

Kaka, mkokoteni nauheshimu, ndio unaoniletea belo zangu. Lakini tuwekane sawa. Ile asilimia 30 ya zabuni ni ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kwa pamoja, kwa hivyo nawe umo. Women Rep ni mbunge wa taifa, na mfuko anaohusika nao ni wa serikali ya taifa. Hasimamii soko wala kaunti. Watu wanaenda kumlilia habari ya taa za mtaa, naye hana stima ya kumpa mtu.

Ukifungua Ratiba ya Nne ya Katiba utaona kazi za kaunti: masoko, leseni za biashara, taa za barabarani, maji na usafi, hospitali na zahanati, chekechea, vituo vya kulelea watoto. Soma tena hiyo orodha polepole uniambie ni nani anayeamka nayo asubuhi na kulala nayo usiku. Polisi na mahakama ziko kwa taifa. Haya mengine yote yako City Hall, makao makuu ya kaunti.

Na kama ni uzembe tu, mbona umeangukia mlango wetu?

---

Aliyekuwa Bungeni

Nimefanya kazi kwenye bunge la kaunti, si kama mwanasiasa. Niongeze jambo ambalo wengi hawalijui.

Kaunti zinafuata kanuni ya thuluthi mbili vizuri kuliko Bunge la Taifa. Katiba, kifungu cha 197, inasema bunge la kaunti na baraza la mawaziri wa kaunti visizidi thuluthi mbili za jinsia moja. Na kifungu cha 177 kimeweka njia: uchaguzi ukishaisha, wanawake wakipungua, vyama vinajazia kutoka kwenye orodha zao. Bunge la Taifa halikuwekewa njia hiyo, likashindwa kutunga sheria mara kadhaa, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa.

Nairobi ina wadi 85, na wanawake wanaoshinda wadi kwa kura ni wa kuhesabu. Walio wengi wanaingia kwa uteuzi. Na hapo ndipo dharau inapoanzia: wanaitwa maua, wanaitwa bonga points, kama zile pointi za bure za simu. Nilikuwa nikisikia kwenye korido mtu mzima akimwambia mwenzake, "wewe wadi yako ni ipi?" huku anacheka.

Lakini sikilizeni. MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, akiwa mteule anapiga kura sawa na aliyechaguliwa. Anakaa kwenye kamati. Anaweza kuleta hoja na mswada. Na kwa kuwa hana wadi ya kumkimbiza na misiba na karo, mara nyingi ana muda wa kusoma karatasi. Wananchi wanamfuata MCA wa wadi peke yake, ambaye ana barabara ya kukarabati na maadui wa kuangalia. Dada, barua yako ya choo peleka kwa wote wawili, wa wadi na mteule aliye kwenye kamati inayohusika na masoko. Na upate muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hujaenda.

---

Jogoo la Umoja

Wateule ni wa kuwapigia waheshimiwa makofi, tusidanganyane. Nairobi haijawahi kuchagua gavana mwanamke.

---

Aliyekuwa Bungeni

Kwa kura, ni kweli, chaguzi zote tatu za 2013, 2017 na 2022. Anne Kananu alikuwa gavana kuanzia Novemba 2021, lakini aliupata ugavana baada ya gavana Sonko kung'olewa. Nchi nzima mwaka 2013 hakukuwa na hata mmoja, 2017 wakawa watatu, 2022 wakawa saba.

Lakini mji huu si mgeni kwa jambo hili. Margaret Kenyatta alikuwa meya wa Nairobi kuanzia 1970 hadi 1976. Kisumu walimtangulia na Grace Onyango miaka ya 60. Na Julai 1985 wanawake wa dunia nzima walikutana hapa hapa, jumba la mikutano la KICC, kwa mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa. Ukitoka mlango wa KICC unavuka barabara tu, uko City Hall.

---

Nesi wa Zamu

Mmezungumzia masoko, mimi nina la hospitali. Nafanya kazi kwenye kituo cha afya cha kaunti, sitakitaja.

Mwanamke akibakwa, watu wote wanawaza polisi. Sawa, fomu ya P3 ni ya polisi. Lakini kuna fomu nyingine, PRC, ambayo inajazwa na sisi wa afya, na ndiyo inayobeba ushahidi wa mwili. Dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Nguo zake ziwekwe kwenye bahasha ya khaki au gazeti, si kwenye karatasi ya plastiki, kwa sababu plastiki inaozesha. Asioge kwanza, hata kama moyo wote unataka kuoga.

Sasa fikiria saa tano usiku. Je, yuko mtu wa zamu aliyefundishwa kuijaza hiyo fomu? Fomu zenyewe zipo, au zimeisha na tunaambiwa tupige kopi? Chumba kina mlango, au anasimulia mbele ya foleni ya watoto wanaokohoa? Usiku mmoja nilijaza fomu hiyo kwa taa ya simu yangu, dada wa watu ameketi kwenye kiti cha plastiki amejifunika shuka langu. Nilifanya makosa kwenye ukurasa wa pili nikaanza upya. Nilikuwa naogopa wakili ataniuliza kwa nini nimekwaruza.

Nani anaajiri nesi? Kaunti. Nani ananunua fomu, kufuli na balbu? Kaunti. Wakati maelfu waliandamana katikati ya jiji tarehe 27 Januari 2024 kwa sababu ya wanawake kuuawa, nilikuwa zamu, niliwatazama kwa simu. Mabango mengi yalielekezwa kwa serikali kuu, na ni haki yao. Mimi nilitamani bango moja tu lingeuliza: kituo chenu kina nani usiku?

Kwa yeyote anayesoma: namba 1195 ni ya bure, ya ukatili wa kijinsia, saa 24.

---

Mukuru Damu

Nesi umenifunga mdomo. Asante.

Mimi ni wa Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda. Niongee kuhusu bebi kea, kwa sababu Karani ametaja vituo vya kulelea watoto na amepita mbio.

Kina mama wengi wa huku wanafanya vibarua Industrial Area ama wanafua nguo South B. Saa kumi na mbili asubuhi mtoto lazima awe mahali. Mimi nilikuwa nalipa shilingi 70 kwa siku, chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, watoto kumi na wanane, mama mmoja. Alikuwa mama mzuri. Lakini ni mmoja. Siku moja nilifika nikakuta wote wamelala saa kumi alasiri, nikashangaa watoto kumi na wanane wanalala vipi pamoja wakati huo. Sikuuliza. Nilimhamisha wangu, nikakosa kibarua wiki mbili. Bunge la kaunti lilishapitisha sheria ya vituo hivi mwaka 2017. Sheria iko, na mimi sijawahi kuona mkaguzi akiinama kuingia mlango ule.

Halafu kuna wahudumu wa afya ya jamii, wale wa kutembea nyumba kwa nyumba. Wengi ni kina mama. Kwa miaka wamekuwa wakiambiwa "kujitolea". Tangu 2023 wanatakiwa kulipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu taifa, nusu kaunti. Ile nusu ya kaunti ikichelewa hakuna maandamano, kwa sababu wao hawaachi kazi. Mtoto wa jirani akiharisha watakwenda tu. Ukitaka kujua kaunti inaonaje kazi ya mwanamke, angalia tarehe ile pesa ilipoingia.

Nisiseme mabaya tu. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, na nyumba kumi kumi zilikaa pamoja kusema zinataka nini. Niliketi kwenye kikundi chetu. Wanaume walianza na barabara pana za magari. Wamama wakasema maji, choo na njia ya kupita usiku bila kukanyaga mtaro. Tulibishana hadi uji ukapoa, lakini tuliulizwa *kabla* ya ramani kuchorwa. Ndiyo mara ya pekee nimewahi kuulizwa kabla.

---

Jogoo la Umoja

Haya, nami nikubali moja. Binti yangu yuko shule ya msingi ya umma, anakula Dishi na County, kile chakula cha shule cha kaunti. Shilingi 5, anagonga bangili ya malipo, anapewa sahani. Zamani mama yake alikuwa anafunga kibanda saa sita anakimbia nyumbani kupika, anarudi saa nane wateja wameenda. Sasa hakimbii. Sikuwahi kuliwazia hilo kuwa jambo la jinsia. Nilidhani ni chakula tu.

Bado nasema vijana wa kiume wamesahauliwa.

---

Mgeni wa South C

Uzi mzuri. Nichangie kutoka mbali kidogo. Ule mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, CEDAW wa 1979, Kenya iliuridhia 1984. Marekani hadi leo haijauridhia. Lakini jiji la San Francisco liliufanya sheria yake lenyewe mwaka 1998, bila kungoja Washington. Idara za jiji zikatakiwa kujikagua: pesa zetu zinamfikia nani, tumeajiri nani, huduma yetu inamtumikia nani.

---

Mukuru Damu

San Francisco kuna mitaro iliyo wazi?

---

Mgeni wa South C

Dada, sijafika. Nasema tu kwamba jiji halikusubiri taifa.

---

Karani wa Chama

Mgeni, hilo la idara kujikagua nimelipenda, nami nina idara ya kuanzia: wale wanaotunza daftari la mabanda.

Soko letu lilipokarabatiwa, mabanda yaligawanywa upya. Mkutano wa kuandikishwa uliitwa saa tatu usiku. Saa tatu usiku sisi tuko jikoni, ama tuko njiani na watoto mgongoni. Waume wakaenda. Safu yetu ina mabanda 18, na wanaouza ni wanawake 14. Siku niliyoruhusiwa kulichungulia daftari, majina ya kike yalikuwa matano. Langu halikuwamo. Banda nililolinunulia mbao na misumari kwa pesa za chama limeandikwa jina la baba watoto, ambaye hajui hata upande gani jua linachoma nguo.

Hilo si neno mkiwa mnapendana. Jirani yangu, tumuite Mama Kevo, mumewe alifariki Desemba. Arobaini haijaisha, shemeji akaja na nakala ya ule ukurasa. Hakupiga kelele. Aliweka karatasi juu ya sufuria zake za kuuza, akasema, "Shemeji, soma mwenyewe." Sasa Mama Kevo anauza sufuria zilezile chini, kwenye turubai, hatua kumi kutoka banda lake, na kanjo wa tikiti anamtoza kama mchuuzi wa barabarani.

Tuliandika barua kuomba nakala ya daftari lote. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Leo ni siku ya 34. Aliyekuwa Bungeni, hapo tunaendaje?

---

Aliyekuwa Bungeni

Muhuri mnao?

---

Karani wa Chama

Tunao.

---

Aliyekuwa Bungeni

Basi mko vizuri kuliko wengi. Malalamiko ya habari kunyimwa yanapokelewa na Tume ya Utawala wa Haki, ile ya Ombudsman. Huhitaji wakili, peleka barua yako na tarehe ya muhuri. Wakati huohuo, andikeni ombi rasmi kwa kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88, inampa mkazi haki hiyo, na kifungu cha 89 kinawataka wajibu haraka. Msiandike "tunaomba usawa wa kijinsia", hiyo itafungiwa kwenye kabati la tarehe 8 Machi. Andikeni: daftari lisomwe upya mchana, saa nne hadi saa saba, banda kwa banda, anayeuza awepo, na banda la marehemu lisihamishwe jina kabla ya mjane kusikilizwa. Kitu ambacho karani wa soko anaweza kukiweka alama ya tiki.

Kwa ADP fanyeni vilevile. Choo: milango mingapi, komeo ngapi, kifungwe saa ngapi. Pigeni picha, wekeni vipimo.

---

Nesi wa Zamu

Na ndoo ya taka ya pedi yenye kifuniko. Hiyo kila mtu husahau.

---

Shukri wa E'leigh

Wekeni pia mahali pa kutawadha. Kina mama wa Kiislamu tunabeba maji kwa chupa kutoka nyumbani.

---

Jogoo la Umoja

Mimi nina futi ya kupimia, ya kazi. Soko ni lipi, nije Jumamosi tupime?

---

Karani wa Chama

Nimekutumia kwa ujumbe wa ndani. Njoo kabla ya saa kumi na moja.

---

Karani wa Chama

Wadau, marejesho. Samahani kwa kunyamaza, ilikuwa wiki ya belo.

Tumepeleka karatasi mbili, ya ADP na ya daftari. Kurasa tatu kwa jumla, sahihi na alama za vidole 61, nane kati ya hizo za wanaume, akiwemo jamaa wa mkokoteni. MCA wa wadi hakuwa ofisini. Yule mteule tulimkuta, akasoma yote mbele yetu akiwa amesimama, akauliza swali moja: "Huyo wa ufunguo analipwa na nani?" Tulitazamana. Miaka kumi na moja na hatujawahi kuuliza. Shilingi 10 zetu zinaingia mfuko gani, hakuna aliyejua. Hilo nalo tumeliandika, kwa kalamu, chini ya ukurasa wa tatu.

Daftari bado. Mama Kevo bado yuko kwenye turubai.

Jana choo kilifungwa saa mbili kasoro usiku. Sijui ni nani aliyemwambia. Nilikunywa maji saa kumi. Komeo bado hakuna, Jogoo amesema atakuja nalo Jumamosi.

---

Jogoo la Umoja

Ninalo tayari. Skrubu ni za inchi ngapi?

---

Karani wa Chama

Mlango ni wa mabati, fremu ya mbao. Leta za inchi moja na nusu. Na drili, hapa ni ya kukodisha.